Pojo Nilizozilaza Chumbani Mwenu

Mwanangu Mejumaa,

Nimekuona ukivuka ua kwenda kwa shangazi yako kuaga, nikajua nina muda mpaka Magharibi. Ukirudi sitaweza kuandika tena, kwa sababu kila nikikutazama usoni mkono wangu hukataa. Kesho alfajiri gari litakuchukua hapa Jego mpaka Mombasa, na kutoka huko utakwenda bara, chuoni, kusomea ualimu. Habari za sabuni, za baridi ya huko, za kuangalia marafiki na kutoacha sala, shangazi yako Mwanakombo amekwisha kukwambia zote, na nyingine amekwambia mara mbili. Sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka tisa.

Nduguyo Kassim hakufa kwa muhogo uliompikia.

Nimeandika hayo nikasimama, nikaenda mpaka mlangoni, nikarudi. Sasa nitakueleza tangu mwanzo, maana wakati ule ulikuwa na miaka kumi. Mengi hukuyaona, na yale uliyoyaona ulielezwa sivyo.

Babu yako alihifadhi kila kitu kwenye uchaga, juu ya mafiga ya jikoni. Moshi ulipanda kutwa, wadudu wakakimbia, mahindi yakawa meusi, na hakuna aliyelalamika kwa sababu yalikuwa ya kula wenyewe. Mimi nilitaka kuuza. Nilipata hoteli moja ya Diani iliyokuwa ikinunua pojo na kunde, si za wageni, za jiko la wafanyakazi. Msimamizi wa stoo pale alikuwa bwana mmoja wa bara, Mutiso, mtu mwenye maneno machache na haki. Mara ya kwanza nilipompelekea pojo alitia mkono guniani, akanusa, akacheka.

"Mzee, hii pojo inanuka moshi. Watu wangu watafikiri nawalisha makaa."

Basi nikaacha uchaga. Nikajenga kibanda kidogo karibu na kisima, nikaweka mavuno humo. Mara ya pili Mutiso alimwaga konzi moja juu ya meza, na sote wawili tukatazama fukusi wakitembea. Nusu ya pojo zilikuwa na matobo. Hakucheka.

"Mimi nakuheshimu, mzee wangu, lakini hii siwezi kupokea. Ukileta safi nitachukua yote, na msimu ujao pia. Ukileta hivi tena, usijisumbue kuja."

Nilizirudisha pojo zile kutoka Diani mpaka nyumbani. Huenda unakumbuka, maana tulizila miezi. Mamako akipepeta, wewe ukikaa naye kando ya ungo ukiokota wadudu na kumwonyesha Kassim, naye akicheka akitaka kuwashika. Nyinyi mlifanya mchezo. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na aibu yangu, nikiapa kwamba Mutiso hataniona tena na gunia lenye mdudu.

Msimu uliofuata shamba lilijibu kuliko siku zote. Nilipata gunia nane. Kabla sijamaliza kuzianika, mwizi alivunja kibanda cha kisimani akaondoka na mbili. Ndipo nikazileta zile sita ndani ya nyumba, chumba chenu cha nyuma, nikazipanga nyuma ya kile kiambaza ambacho hakikufika paani. Mamako alisimama mlangoni na Kassim kiunoni.

"Na watoto watalala wapi, baba Mejumaa?"

"Hapo hapo. Magunia yanauma?"

Alinyamaza. Mamako alikuwa akininyamazia ninapojibu hivyo, na mimi nilikuwa nikihesabu kunyamaza kwake kuwa kukubali.

Siku ya pili nikaenda Lunga Lunga kutafuta dawa. Dukani nilimkuta msichana tu, labda umri wako wa sasa. Nilipomwambia nataka vile vidonge vya ghala vinavyoua fukusi hakuvitoa mara moja.

"Shikamoo baba. Ghala lako liko mbali na nyumba?"

"Marahaba. Liko mbali."

"Maana hivi vikipata unyevu hutoa hewa ya sumu. Huioni. Usiviweke mahali anapolala mtu, baba, wala kuku. Wako watu waliokufa."

"Nimekufahamu, mwanangu."

Nilimfahamu kweli, Mejumaa. Katika yote nitakayokwambia, hili sitaki ulipunguze kwa huruma. Sikuwa mjinga asiyeambiwa. Niliona haya kumwambia mtoto wa watu kwamba ghala langu ni chumba cha wanangu, na kwa ajili ya haya hiyo nikasema uongo mwepesi, kama mtu anavyosema amekwisha kula anapokaribishwa.

Njiani nilijipangia. Nitatia vidonge asubuhi ukiwa shuleni, nitafunika magunia kwa turubai, na nyinyi mtalala sebuleni siku tatu nne mpaka hewa itoke. Ulikuwa mpango. Huwa natamani kusema sikuwa na mpango wowote, kwa maana mtu asiye na mpango hana alichokiacha.

Ilikuwa masika, na siku ile mvua haikusita. Nilivifunga vidonge katika kitambaa, nikavipachika katikati ya magunia, nikashusha turubai, nikamwambia mamako mtalala sebuleni, bila kusema kwa nini. Sebuleni kulikuwa kukivuja. Kassim alikuwa ameamka na homa, na mamako alipoona godoro la sebuleni limeloa, alimchukua akamrudisha kitandani kwake, akafunga na dirisha ili upepo wa mvua usimpige. Nilimwona akipita naye. Nilikuwa nimesimama hapa nilipokaa sasa. Nilisema moyoni, nitamtoa baada ya chakula.

Kwa nini sikusema papo hapo? Kwa sababu ingenibidi nimweleze mamako nilichokitia mle, naye angeuliza kama mwenye duka aliniruhusu. Na dakika ile ile simu ikalia. Alikuwa Mutiso. Hoteli imejaa, wiki ijayo anaweza kuchukua gunia zote sita zikiwa safi. Mejumaa, nilifurahi. Nilitoka mbio kwenda kwa jirani kuulizia gari la kubebea, na nilipokupita barazani, ulikuwa umerudi kutoka shule umelowa, nikakwambia, "Mamako amechoka kwa kuuguza. Chimba kile kibandameno, ule muhogo mtamu wa nyuma ya jiko, utuchemshie."

Hukuwahi kupika peke yako kabla ya siku hiyo. Ulichimba mvuani, ukamenya, ukatia tui na chumvi, na tulipokaa kula ulikuwa ukitutazama vinywa mmoja mmoja. Nilikusifu. Mamako alikusifu. Kassim alikula vipande viwili vitatu akataka kulala, na wewe ukaenda kulala naye umsimulie hadithi, mlango mkaurudisha. Mimi, niliyesema nitamtoa baada ya chakula, nilitoka tena kufuata habari za gari.

Niliporudi ulikuwa umeinama barazani ukitapika, ukishika kichwa. Mamako alisema naye tumbo linamsokota. Kisha tukamsikia Kassim. Nilikuwa wa kwanza kuingia. Alikuwa baridi, na pumzi yake ilikuwa fupi fupi, na chumba kizima kilikuwa na harufu kama ya kitunguu saumu na samaki aliyeharibika. Nilisimama juu ya mwanangu na nikajua. Sikukisia, nilijua.

Wewe tulikuacha na shangazi yako, tukaenda hospitali kwa pikipiki ya jirani, mamako kati yangu na jirani, mtoto kifuani mwake ndani ya turubai dogo. Tabibu aliyetupokea alikuwa kijana mwangalifu. Aliuliza swali alilopaswa kuuliza.

"Amekula nini? Na nyumbani kuna dawa yoyote? Ya shamba, ya panya, ya ghala?"

Mamako aligeuka akanitazama, kwa sababu mambo ya dawa za shamba yalikuwa yangu.

Nikasema, "Hakuna dawa. Wamekula muhogo. Wote wametapika."

Maneno yale yalinitoka kabla sijayafikiri, kama vile yalikuwa yakingoja. Nilijiambia, kwanza apone, kisha nitasema. Nilidhani ukweli ni kitu unachoweza kukiweka mahali ukarudi kukichukua. Tabibu akaandika muhogo, wakamshughulikia kwa sumu ya muhogo, na kabla ya adhana ya alfajiri Kassim akafa. Alikuwa na miaka mitatu.

Baadaye sana nilimwuliza daktari mwingine, mahali pengine, nikijifanya nauliza habari za jirani. Aliniambia sumu ile haina dawa ya kuiondoa. Nikashukuru Mungu. Kisha akasema, "Lakini tukijua mapema tunamsaidia mtu kupumua, na wapo wanaopona." Nimeishi na nusu ya kwanza mchana na nusu ya pili wakati mwingine wote.

Nyumbani wanawake walikuwa wamekwisha kukusanyika. Habari ilitutangulia. Shangazi yako ndiye aliyesema, bila ubaya, kwamba huenda mtoto alichanganya, akachimba ule mchungu wa kando ya ua. Wewe ulikuwa umesimama karibu na mtungi. Ulikuja mpaka mbele yangu, mbele ya watu wote, ukaniuliza kwa sauti ndogo.

"Baba, si kilikuwa kibandameno? Si wewe uliniambia ni kibandameno?"

Watu wakaningoja. Mamako akaningoja. Na mimi nikakwambia, "Ni kudura ya Mungu, mwanangu. Usilie."

Hivyo ndivyo nilivyokuhukumu. Sikukutaja kwa jina, sikukunyoshea kidole. Nilimtupia Mungu, na watu wakafahamu wenyewe kwamba baba anamstahi binti yake.

Muhogo ule ulikuwa kibandameno, Mejumaa. Mtamu, kama ulivyojua. Hukuchanganya chochote. Nimelala na swali lako lile miaka tisa, na jibu lake lilikuwa neno moja, ndiyo.

Wanaume walipokwenda kuchimba kaburi, nilisema nataka kuwapatia wageni nafasi, nikayatoa magunia mwenyewe, moja moja, nikafungua dirisha, nikazika kitambaa na mabaki ya vidonge nyuma ya choo. Watu walisema baba Kassim amejikaza. Mmoja aliniombea subira.

Na pojo niliziuza. Mutiso alikuja na gari mwenyewe kwa sababu alikuwa amesikia nimefiwa. Alivua kofia, akanipa mkono wa pole, kisha akatia mkono guniani kama desturi yake. Alizitazama pojo kwenye kiganja muda mrefu.

"Safi kabisa, mzee. Hata mdudu mmoja hakuna. Pole sana kwa mtoto. Sisi tutachukua zako tu kuanzia sasa."

Wiki tatu nilikuwa nikipita kwa watu wanaofanya kazi Diani, nikisalimia na kuuliza, kuna habari gani huko hotelini, wafanyakazi wazima? Wazima. Hakuna aliyeumwa hata tumbo. Pojo zilikuwa zimekwisha kupunga hewa. Waliokula walikula chakula kizuri, na mimi nikawa mkulima anayesifiwa kwa kujua kuhifadhi. Kuna walionijia kunitaka niwafundishe.

Misimu miwili baadaye bwana shamba alikuja kijijini na mifuko ile mizito isiyopitisha hewa. Akaonyesha namna ya kukausha, namna ya kutia pojo na chumvi kavu ndani ya chupa kavu na kutikisa, chumvi ikigandia kwenye kioo basi bado zina maji, zirudishe juani. Akaonyesha namna ya kufunga mfuko, kupindua na kukaza kwa kamba. "Mdudu akikosa hewa hufa mwenyewe," akasema. "Hakuna haja ya dawa yoyote. Unaweza kuulalia." Watu wakacheka. Nilikuwa nimekaa nyuma. Niliondoka nikaenda nyuma ya msikiti nikakaa chini mpaka watu wakatawanyika.

Hiyo ndiyo mifuko unayoiona sasa. Ulidhani naipenda kwa sababu ni ya kisasa.

Naandika haya kwa sababu nilikuwa naona yaliyokuwa yakikupata, na sikuyazuia. Mamako hakukupiga, hakukutukana. Aliacha tu kukupa kisu. Ukikaribia mafiga alisema, "Acha, nitafanya mwenyewe." Kwenye arusi za watu walikutuma kufagia na kuteka maji, hawakukuita kwenye masufuria, na wewe ukajifunza kutokwenda. Una miaka kumi na tisa na hujui kukoleza mchuzi. Wenzio wanakutania kwamba umesoma sana. Mimi najua si kusoma. Nimekuona ukila baada ya kila mtu kumaliza, ukitutazama kwanza kama tuko salama.

Ningeweza kulimaliza kwa sentensi moja siku yoyote. Kila mwaka nilisema akikua kidogo. Ulipokua nikasema akimaliza mitihani. Nimegundua kwamba uongo hauzeeki na mtu, wewe unachoka na wenyewe unabaki na nguvu zake za siku ya kwanza.

Na sasa lile lililo baya kuliko yote.

Mwaka jana mamako alipokuwa katika siku zake za mwisho, kitandani kule upande wa kibla, uliondoka kwenda kumletea maji. Nikaona ndiyo saa yangu. Nilipiga magoti nikasema, "Mwanasiti, kuna jambo nataka kukwambia kuhusu Kassim." Akanishika mkono. Hakuwa na nguvu ya kuushika lakini aliushika. Alidhani anajua ninachotaka.

"Najua," akasema. "Nami nilitaka. Mwambie Mejumaa nimemsamehe. Alikuwa mtoto. Nilimwonea kwa moyo wangu, na nimemsamehe."

Alikuwa ametulia, Mejumaa. Uso wake ulikuwa umefunguka kama zamani. Nikafikiri, nikisema sasa nitamwondolea utulivu huu na kumpa nini badala yake? Hivyo nilifikiri, au hivyo nilijipa kufikiri. Nikanyamaza. Ukarudi na maji.

Na baada ya maziko nikakupelekea ule ujumbe. Nilikuita kando, nikakwambia mamako alikusamehe. Ulilia mpaka ukakaa chini, kisha ukaushika mkono wangu ukaubusu, ukasema, "Ahsante, baba, kwa kuniombea."

Nimefanya mengi mabaya katika maisha yangu lakini hakuna siku niliyojiona kama siku ile, mkono wangu umelowa machozi yako, na mimi nimekuletea msamaha wa kosa langu, nawe umeupokea.

Mamako alikufa akiamini ni wewe. Hilo siwezi kulitengeneza, wala wewe, wala yeyote. Nimelizunguka kila upande nikitafuta mlango na halina mlango.

Leo asubuhi nilikwenda kwa shangazi yako kabla yako. Nilimweleza yote, nikiwa nimesimama, maana hakunipa kiti nilipoanza na baadaye hakukumbuka. Kisha akasema, "Miaka tisa, Ali? Nami ndiye niliyelitoa lile neno, na ukaniacha?" Nikasema ndiyo. Akalia. Alipomaliza kulia akaniambia nisikwambie. "Mwache aende. Ana safari, ana masomo. Amekwisha kulizoea."

"Hajalizoea," nikamwambia. "Amelibeba."

Sijui kama nina haki ya kukutua mzigo mwanzoni mwa safari yako na kukupa mwingine. Labda huu ni mzito zaidi. Ule wa kwanza ulikuwa na huzuni tu, huu una babako ndani yake. Lakini ule haukuwa wako.

Sikuombi unisamehe. Nimekwisha kula msamaha mmoja usio wangu. Wala sikwambii ujifunze nini, kwa sababu mwenye kukufundisha angekuwa mimi. Ninalolijua ni moja tu, na nalisema kwa ajili yangu. Yule msichana wa dukani aliponiuliza ghala liko wapi, na yule tabibu aliponiuliza kuna dawa gani, na wewe uliponiuliza kuhusu kibandameno, mara zote tatu nilikuwa na jibu la kweli mdomoni, tayari, fupi. Halikuwa gumu kutamka. Nilikuwa natazama nyuso za watu.

Ijumaa, baada ya sala, nitasimama niwaambie. Nimemwomba imamu dakika chache, sijamwambia ni za nini. Wengine watanihurumia, wengine hawatanitembelea tena, na hoteli haitachukua tena mazao yangu ikisikia, na ni haki yao. Kassim hatarudi kwa hayo, na mamako hatasikia. Nafanya kwa sababu kuna wanawake hapa wanaolitaja jina lako kwa namna fulani, nataka waache.

Barua hii nitaiweka chini kabisa ya begi, chini ya nguo, ili usiifikie mpaka uwe umefika. Huo nao ni woga, naujua. Kesho utaniaga kama baba yako, nami nitapokea, kwa mara ya mwisho labda, kitu nisichostahili. Nimeshindwa kuacha hilo.

Chuo kikifungwa, usijilazimishe kuja. Nauli nitatuma kila muhula, ukitaka uitumie kwenda kokote. Watu wataniuliza mbona binti yako haji. Sitasema masomo, sitasema umbali. Nitawaambia kwa nini.

Ali, babako.